Kwa Nini Watu wa Mvungwe Hufagia Kabla ya Kuimba

Zama hizo, milima ya Mvungwe ikiwa bado na msitu mpaka mabondeni, si kila aliyekufa alililiwa kwa wimbo. Mbolezi ilikuwa haki ya wakubwa. Akifa aliyeua chui, akifa mwenye ng'ombe wa kujaza bonde au mganga wa mvua, mtungaji aliitwa, akaimba matendo ya marehemu mpaka jua likazama. Wengine wote walifukiwa kimya kimya. Na asiyeimbiwa, jina lake halikurithiwa. Hakuna mtoto aliyepewa. Masika yakipita machache, ilikuwa kana kwamba mtu huyo hakuwahi kukanyaga ardhi.

Katika zama hizo aliishi mtungaji aliyeitwa Nakijwa. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mlima, lakini vijiji vyote vilimfuata. Alijua kumfananisha mfu na simba, na radi, na mwamba usiotikiswa na maji, hata wanaume wazima wakajifunika nyuso. Watu walisema Nakijwa hana chungu kitupu: ukimwamsha tu, ana wimbo.

Nakijwa alikuwa na mdogo wake, Mbonea. Huyu hakuolewa. Alibaki nyumbani akimtunza baba yao, Mzee Mrindoko, aliyepofuka uzeeni. Mwaka mmoja, baridi ilipoanza kushuka milimani, Mbonea akashikwa na homa, akafa kabla habari za ugonjwa wake hazijavuka mlima. Nakijwa alipofika alikuta udongo mbichi nyuma ya nyumba, na baba yake ameketi mlangoni, amegeuzia uso upande usio na mtu.

Akamwendea Mzee Sekiete, mlinzi wa mila, akamwambia, "Nataka kumwimbia mdogo wangu."

Mzee Sekiete hakumcheka. Alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma Nakijwa kuliko kicheko. "Utaimba nini, mama?" aliuliza. "Mbonea alifanya nini?"

Nakijwa akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Moto wa matanga bado unawaka," mzee akasema. "Siku ya kufagia majivu watu watakusanyika. Ukiwa na mbolezi, imba, sitakuzuia. Usipokuwa nayo, jina la binti huyu tutalizoa pamoja na majivu. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu."

Nakijwa akajifungia chumbani alikolala Mbonea, atunge. Akajaribu simba, lakini Mbonea alikuwa akiogopa hata mbwa wa jirani. Akajaribu mwamba, akajaribu radi, na kila neno aliloliweka juu ya mdogo wake lilimpwaya kama nguo ya kuazima. Kukicha alianza, jua likichwa hana hata ubeti. Maneno yaliyokuwa yakimjia mbio kwa wafu wa watu yalimkimbia kwa mfu wake mwenyewe.

Baya zaidi, alipomtafuta Mbonea moyoni hakumwona vizuri. Kila alipokuja kutembea wakati wa mavuno alikaa na baba na wageni, akisifiwa nyimbo zake. Mbonea aliingia, akaweka chakula, akatoka. Nakijwa aliikumbuka mikono ikiweka chakula. Uso haukuja.

Majirani waliokuwa wakipika msibani walirudi mashambani, maana baridi haimngojei mtu. Asubuhi moja maji yakaisha nyumbani. Hapakuwa na wa kumtuma. Nakijwa akauchukua mtungi wa mdogo wake, akateremka kijitoni.

Kwenye jiwe la kuchotea aliteleza, akaanguka magoti, nusura auvunje mtungi. Jiwe lilikuwa limeota ukungu wa kijani. Wanawake wawili wazee walikuwa wamesimama ukingoni, wanaogopa kukanyaga.

"Jiwe hili halikuwa likiteleza," mmoja akasema. "Lilikuwa linasuguliwa kwa mchanga."

"Na nani?" Nakijwa akauliza.

Wale wazee wakatazamana. "Hatukuuliza," akajibu yule wa pili, na sauti yake ikashuka. "Tulikuwa tunakuta tu limetakata."

Nakijwa akawachotea maji, akajitwika mtungi wake. Njiani maji yalimwagika mgongoni, akafika nyumbani ametota na anatetemeka. Mlangoni alimkuta jirani yao Nanzia, mjamzito, ameshika kigae. Nanzia alishtuka kama aliyefumaniwa.

"Nimekuja kuomba moto," akasema. "Miguu imenileta yenyewe. Kila asubuhi alikuwa ananiwekea makaa pembeni, kwa kuwa kuni zangu huwa mbichi. Nimesahau, dada yangu. Nisamehe, nimesahau kwamba hayupo." Akakiweka kigae chini, akalia hapo hapo kizingitini.

Nakijwa akauchokoa moto, akamjazia makaa. Moyoni kitu kilikuwa kimeanza kumkaa vibaya.

Akapika ugali na mboga za maboga, akampelekea baba. Akaweka bakuli mbele yake, akarudi jikoni. Aliporudi kutoa vyombo, chakula kilikuwa kimepoa na mzee hajakigusa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imetulia, inangoja.

"Baba, chakula kipo mbele yako. Mbona huli?"

"Hujagonga, mwanangu."

"Kugonga nini?"

"Mwenzako alikuwa anagonga ukingo wa bakuli kwa mwiko, nijue liko wapi. Nisipapase." Mzee akaongeza, "Mtu akipapasa chakula mbele ya watu, huona aibu. Hakuniambia kwamba ndiyo sababu. Nilijua mwenyewe."

Nakijwa akachukua mwiko, akagonga. Mkono wa baba yake ukainuka, ukaenda moja kwa moja kwenye bakuli bila kukosea. Ndipo Nakijwa alipomwona Mbonea: uso wake, shingo yake imeinama kidogo, anasikiliza kama baba amesikia. Akatoka nje, akashika ukuta wa nyumba, akalia kilio ambacho hakuwahi kuwalilia wale masimba na maradi. Na ndani ya kilio hicho, ubeti wa kwanza ukaja.

Hakurudi kujifungia. Alisugua jiwe la kijitoni. Alipuliza moto alfajiri, akatenga makaa ya Nanzia. Kila kazi aliyoishika ilimpa neno, na maneno hayo yalimchoma, kwa sababu alikuwa akijifunza kumpenda mtu aliyekwisha kuzikwa.

Siku ya kufagia majivu watu walikuja. Nakijwa akasimama, bila manyoya wala njuga za mtungaji, akaimba:

"Nani atatusugulia jiwe, wazee washuke kwa maji?
Nani atatenga kaa la mwenye kuni mbichi?
Gonga bakuli, Mbonea, gonga,
Baba ananyosha mkono, hajui chakula kiko wapi."

Manung'uniko yakapita. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Hii ni mbolezi, au ni habari za jikoni?"

Mzee Mrindoko akainuka, akishika ukuta. "Ndiye huyo," akasema. "Ndiye mwanangu. Endelea, Nakijwa, usimwache."

Nakijwa akaendelea. Wale wanawake wa kijitoni wakaanza kulia, kisha Nanzia, kisha watu ambao hawakujua kwamba wana cha kumlilia Mbonea. Mzee Sekiete alishika ufagio muda mrefu bila kufagia. Mwishowe akauliza, kama mila ilivyotaka, "Jina hili lina wa kulibeba?"

"Lina," Nanzia akasema, mkono tumboni. "Akiwa wa kike."

Alikuwa wa kike. Lakini Mzee Mrindoko hakumsikia akilia. Baridi ilimchukua kabla ya mvua. Nakijwa alipoitwa kumwimbia hakufungua kinywa kwanza. Aliingia nyumbani kwa baba yake, akafagia, akakunja ngozi aliyolalia mzee, akakaa alipokuwa akikaa, amefumba macho, mpaka akajua aanzie wapi.

Na tangu siku hiyo, Mvungwe haina mfu mdogo. Akifa mtu, awe mwenye ng'ombe au asiye na kuku, wanawake hawaanzi na wimbo. Huingia kwake, wakachota maji yake, wakafagia ua wake, wakaosha vyombo vyake, na hakuna anayesema neno. Kazi huendelea hivyo mpaka mmoja wao asimame ghafla, ameshika kitu mkononi, ashindwe kukiweka chini. Wengine hapo huacha walichokuwa wakifanya, wakamsogelea, wakamngoja aimbe.