Viputo Ndani ya Ini

Tangu asubuhi mkandarasi yule alikuwa amekigeuza chumba cha altrasaundi kuwa eneo lake la ujenzi. Aliuliza, akakosoa, akaamuru; daktari hakugusa kitufe asipate la kuambiwa. Dada wa mkandarasi, mwalimu wa chekechea, alilala kitandani, tumbo limepakwa jeli. Doa lilikuwa limeonekana kwenye ini lake, na hakuna aliyejua kama ni saratani.

"Nitakudunga viputo vidogo mno," daktari alimweleza. "Vitapita na damu hadi kwenye ini, ving'ae, vituonyeshe doa hili ni kitu gani. Lakini ni laini kama povu la sabuni. Tukiizidishia nguvu mashine, vinapasuka."

Dawa ya viputo ikaingia mshipani. Ini likaanza kung'aa. Doa likabaki jeusi tititi.

"Mbona hapo giza?" mkandarasi alifoka. "Ongeza nguvu, daktari! Huo mwanga gani, kama wa koroboi?"

"Kaka, tulia," mwalimu alisema.

"Nitulie vipi? Si saratani hiyo? Mimi nishaongea na daktari wa upasuaji!"

Daktari kero zilikuwa zimemfika shingoni. Ili amzibe mdomo, akapandisha nguvu. Picha ikameta ghafla, kisha ikawa giza. Viputo vilikuwa vimepasuka.

"Umefurahi?" daktari alimgeukia kwa hasira. "Na mimi mjinga, nimekusikiliza! Dawa iliyobaki kichupani inatosha mara moja tu."

Mwalimu akainua kichwa. "Kaka, ini ni langu. Kaa pale, ufunge mdomo."

Mkandarasi akaketi, amenywea kama kuku aliyenyeshewa.

Dawa ikaingia tena. Ini likang'aa, doa likabaki jeusi vilevile. Mkandarasi akauma ngumi yake. Daktari hakugusa kitu, alitazama tu. Hatimaye, kwenye ukingo wa doa, vikachomoza vinundu vya mwanga. Vikasogea taratibu kuelekea katikati, mpaka doa zima likajaa.

"Si saratani," daktari alisema, akishusha pumzi. "Ni fundo la mishipa ya damu. Hujaa polepole kutoka pembeni; ndivyo linavyojitambulisha. Halihitaji kisu."

Mwalimu akalia, halafu akacheka huku machozi yakimtiririka. Kaka yake alifungua kinywa. Dada akamtupia jicho, neno akalimeza. Alitoka nje kufuta miadi ya upasuaji aliyoiweka bila kumuuliza mwenye mwili. Angeachiwa yeye, dada angepasuliwa bure, kwani mwenye pupa hadiriki kula tamu.