Pimbi na Hodi Tatu za Upepo

Paukwa!

"Pakawa!"

Ah! Hiyo pakawa ya wapi? Pakawa ya watu walioshiba mihogo wakasinzia? Paukwa!

"Pakawa!"

Naam, sasa nimewasikia. Na nyinyi wakubwa mliojibanza huko nyuma, msidhani ngano ni ya watoto peke yao. Hii ya leo inawahusu nyinyi hasa, wenye haya nyingi kuliko akili. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasafiri pamoja kwa misafara, paliondokea Punda. Punda huyu alikuwa na nyumba ya magurudumu. Nyumba nzima, jamani! Mbao chini, mbao ubavuni, paa juu, magurudumu manne. Aliivuta mwenyewe, kokoro-kokoro, kokoro-kokoro, kutoka malisho hadi malisho. Ndani alikaa mkewe na mtoto wao wa siku sita. Mtoto mwenyewe masikio matupu, miguu bado inagombana.

Na Punda alikuwa na turubai. Turubai, si kipande cha gunia! Mkewe alilishona miezi yote aliyokuwa mjamzito, pindo kwa pindo, rangi kwa rangi. Msafara ukisimama, Punda hufunga upande mmoja wa turubai kwenye paa la nyumba yake, upande wa pili huunyanyua kwa nguzo mbili, kisha hulivuta kwa kamba na vigingi. Kivuli hicho! Kumi wanakaa, wa kumi na moja anajisogeza. Wapita njia wanasema, "Ama kweli Punda ana kivuli." Punda akisikia hayo, masikio yanasimama wima.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye mambo. Msafara ule ulikuwa na desturi yake. Kivuli kikishatandazwa na mgeni akishakaa, hakikunjwi mpaka mgeni anyanyuke mwenyewe. Ukikikunja mgeni amekaa, umemfukuza. Na aliyemfukuza mgeni, nani atakaa naye? Walishika desturi hiyo kwa jua, wakaishika kwa mvua. Hakuna aliyeuliza habari za upepo.

Siku moja walipita kwenye majabali. Akashuka Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Kadogo, kanene, hana mkia wa kuonyesha. Akasema, "Bwana Punda, nipakie nami nifike mbele. Nguvu sina. Ila kamba nazijua."

Nyumbu waliokuwa karibu wakacheka. "Pimbi ajue kamba? Kamba yenyewe ni nene kuliko yeye!"

Punda alikuwa na roho nzuri. Akampakia.

Loo! Nyinyi hamkumwona Bi Pimbi akifanya kazi. Kuona kwenyewe kulikuwa raha. Punda alizoea kupigilia kigingi kikasimama wima kama askari. Bi Pimbi akaking'oa. Akakilaza kidogo, kichwa kikaegemea nje, kuikimbia nyumba, ndipo akakigonga. Ngo! Ngo! Ngo! Akamwambia Punda, "Vuta." Punda akavuta. Kigingi hakikutikisika. Akavuta tena, akatoa jasho. Wapi! Kisha Bi Pimbi akarusha kamba ndefu juu ya turubai, ng'ambo hadi ng'ambo, akaikaza kulishika turubai mgongoni. Akashusha nguzo moja ikawa fupi kuliko mwenziwe, mvua ikinyesha maji yapate njia. Akagusa kila kamba kwa kidole, akaitegea sikio. Akalizunguka turubai mara tatu. Wengine wakilala mchana, yeye yuko macho. Ukimwuliza, anasema, "Turubai likiwa juu, mwenyewe halali. Akitaka kulala, alikunje kwanza." Na akifanya kazi alikuwa na wimbo wake. Mnaitikia "kunja", sawa?

Upepo hauna shemeji,
"Kunja!"
Upepo hauna jirani,
"Kunja!"
Ukipiga hodi moja,
"Kunja!"

Punda alimtazama, akajisemea moyoni, mimi navuta nyumba miaka yote hii, na huyu kiganja cha mnyama ananifundisha kigingi. Hakuona vibaya. Alimpenda kwa hilo.

Basi wakaenda, wakaenda, wakafika kwenye uwanda ulioishia korongo. Korongo refu, ukitupa jiwe unasahau kusikiliza. Bi Pimbi akanusa hewa. Akasema, "Bwana Punda, geuza nyumba. Kisogo chake kielekee huko upepo unakotoka."

Punda akatazama. Kisogo kikielekea huko, turubai litaangalia korongo, na njia itakuwa nyuma. Nani ataliona? Akasema, "Kesho, Bi Pimbi. Leo acha liangalie njia."

Mnaona? Sifa! Turubai likaangalia njia, likaangalia na upepo. Kisogo cha nyumba kikabaki kwa korongo.

Mara akaja Mzee Ngiri. Huyo ndiye kiongozi wa msafara. Meno mawili nje, tumbo mbele, maneno mengi. "Hodi hapa!"

"Karibu, mzee, karibu kivulini!"

Mzee Ngiri akakaa. Akaletewa uji wa mtama. Akaanza kusimulia safari zake za ujana, na safari za Mzee Ngiri hazijawahi kwisha bakuli moja.

Upepo ukapiga hodi ya kwanza. Pindo za turubai zikacheza, papata-papata-papata.

Bi Pimbi akainuka. "Bwana Punda, kunja."

Punda akamnong'oneza, "Mgeni amekaa."

Bi Pimbi hakubishana. Akaongeza kamba ya pili mgongoni mwa turubai. Akafupisha nguzo zote mbili, turubai likainama. Mzee Ngiri akainamisha kichwa nalo, akaendelea na hadithi yake. Bi Pimbi akaimba chini chini.

Upepo hauna shemeji,
"Kunja!"
Upepo hauna jirani,
"Kunja!"

Upepo ukapiga hodi ya pili. Kamba zikalia, ngwiii! Vumbi likapita likikimbia. Uji ukaingia mchanga.

"Bwana Punda, kunja!"

Mzee Ngiri akacheka mpaka meno yakagongana. "Huyu mdogo ana wasiwasi! Upepo huu ni wa kupoza uji tu. Mwanangu Punda, au mmenichoka?"

"Hasha, mzee! Kaa, kaa."

Punda alisema kaa, lakini jicho lilikuwa kwenye kamba. Bi Pimbi akamvuta sikio kando. Akamwambia, "Nisikilize. Turubai hili limefungwa kwenye paa. Upepo ukiingia chini yake, hautachukua turubai. Utachukua nyumba. Na nyuma ya nyumba kuna nini?"

Punda akatazama nyuma ya nyumba. Korongo. Akatazama mlango. Ndani mkewe alikuwa anambembeleza mtoto, anamwimbia. Akasema, "Bi Pimbi, kweli. Lakini nitamwambiaje mzee ainuke? Watanisema msafara mzima."

"Mgeni mwenye adabu," Bi Pimbi akasema, "akipiga hodi tatu bila kujibiwa, anarudi kwao. Upepo hauna adabu hiyo. Hodi ya tatu unaingia. Subiri hapa."

Bi Pimbi akaenda mbele ya Mzee Ngiri, akainama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nyumba hii ina mtoto wa siku sita, na wewe kiongozi wetu hujampa baraka. Twende penye nyasi kule, penye mwanga, mama akuletee umwone."

Mzee Ngiri akaweka bakuli chini. "Aibu gani hii! Uji nimekunywa, mtoto sijamwona." Akanyanyuka. Mwenyewe! Hakuna aliyemfukuza. Akili hiyo, jamani, mtaipata wapi? Desturi haikuvunjwa hata ukucha.

Bi Pimbi akapaza sauti. "Mama, toka na mtoto upesi! Bwana Punda, anza na kamba za ubavuni. Za mbele, za upande wa upepo, ziwe za mwisho. Umenisikia? Za mwisho!"

Punda alisikia. Lakini hofu ikishapanda kichwani, masikio ni mapambo tu. Kigingi kilichokuwa karibu na miguu yake kilikuwa cha mbele. Akakishika kwa meno, akakivuta, po! Kikang'oka.

Hapohapo upepo ukaingia. Hiyo ndiyo hodi ya tatu.

Vuuuuu!

Turubai likafura. Nguzo zikaruka, moja huku, moja kule. Kamba ya mgongo, pa! Ikakatika. Punda akaidaka kamba ya mbele kwa meno, akakita kwato ardhini. Turubai likavuta paa. Paa likavuta nyumba. Magurudumu ya mbele yakaacha ardhi, kwiii, yakazunguka hewani. Nyumba ikaanza kurudi nyuma kwa magurudumu mawili, kidogo kidogo, kuelekea korongo. Na mama alikuwa bado ndani! Alikuwa mlangoni, mtoto kifuani, mlango umeinuka, hawezi kushuka. "Baba watoto!" alipiga kelele. "Baba watoto!"

Mzee Ngiri aligeuka. Nitamsema kwa maneno yake mengi, lakini hapa sitamsema. Alikimbia na tumbo lake, akarukia mti wa mbele, ule Punda anaovutia nyumba, akaukalia. Kivulini alikaa pasipostahili, sasa alikaa panapostahili. Nyumba ikashuka kidogo. Upepo ukaongeza. Ikapanda tena, na Mzee Ngiri juu, miguu inaelea.

Bi Pimbi je? Alikuwa ameshapanda. Hakuna ajuaye alipanda vipi. Kadogo kale, mbao laini, upepo ule! Unyayo wa pimbi unanata penye jabali, na siku ile ulinata penye paa. Akafika palipo mafundo matatu yaliyolishika turubai. Akatoa meno. Halafu akasita, akamtazama Punda. Turubai halikuwa lake kulikata.

"Bwana Punda! Nikate?"

Punda alikuwa na kamba mdomoni. Miezi yote ya mkewe ilikuwa mdomoni. Sifa za njia nzima zilikuwa mdomoni. Na hawezi kujibu bila kufungua mdomo, na akifungua, turubai limekwenda.

Mtoto akalia ndani. Hiii! Hiii!

Punda akafungua mdomo. "Kata! Kata!"

Kamba ikamtoka. Bi Pimbi akauma. Fundo la kwanza, kwa! La pili, kwa! La tatu, kwa! Turubai likaruka juu ya paa, jekundu, njano, buluu, likavuka ukingo, likaingia korongoni, likapotea. Nyumba ikarudi chini, gudumm! Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limebakiza hatua moja ya kuku kufika ukingoni. Moja tu.

Nyumbu wale wenye kicheko walikuwa wamekusanyika, na hakuna aliyecheka.

Mke wa Punda akashuka na mtoto. Punda akakaribia, kichwa chini, masikio yameanguka. "Mama watoto, turubai lako limekwenda. Miezi yako yote. Ni kosa langu, nilitaka lionekane na wapita njia."

Mkewe akamtazama. "Turubai nitashona jingine," akasema. "Huyu je? Uzi wa kumshona mwingine kama huyu ningeutoa wapi?" Kisha akalia, na Punda akalia, na mtoto, kwa kuwa wazazi wanalia, akaendelea kulia.

Mzee Ngiri akateremka kutoka kwenye mti wa kuvutia. Akajifuta vumbi. Akaita msafara mzima, mpaka twiga wa nyuma kabisa. Akasema, "Nimekuwa kiongozi wenu miaka mingi. Leo nilikalia kivuli cha mwenzangu nikaona nimeheshimiwa, kumbe alikuwa ananiogopa. Mwanawe nusura aende. Nisameheni." Akamtazama mtoto, kisha akasema, "Kuanzia leo, upepo ukipiga hodi ya kwanza, mgeni ndiye anayeinuka wa kwanza. Na akishainuka, ashike nguzo, asaidie kukunja. Mgeni asiyeinuka, huyo ndiye amemfukuza mwenyeji."

"Sawa!" wakaitikia. "Sawa!"

Kisha akamgeukia Bi Pimbi, akainama. Ngiri akamwinamia pimbi! Meno yakagusa vumbi. "Bi Pimbi," akasema, "tulikucheka."

Nyumbu wakatazama kwato zao.

Bi Pimbi akashuka paani polepole. Mdomo ulikuwa unamvuja damu kwa kuuma kamba. Punda akamwendea, akapiga magoti yote mawili ya mbele, wakawa sawa kwa macho. "Bi Pimbi, sina la kukupa. Nakushukuru. Sijapata kuona mnyama kama wewe."

Bi Pimbi akamtazama. Akafuta mdomo. Akasema, "Kigingi cha upande wa upepo. Nilisema kiwe cha ngapi?"

"Cha mwisho, Bi Pimbi."

"Basi simama. Tugeuze nyumba, upepo bado uko njiani."

Punda akasimama, akajifunga kwenye mti wa kuvutia, akaigeuza nyumba alikoelekezwa. Na toka siku hiyo, mbele ya watu wote, kabla ya kusimama popote, Punda mkubwa yule alikuwa anauliza kwanza, "Bi Pimbi, nigeuzie wapi?" Na wala hakuona haya.

Wanangu, na nyinyi wakubwa pia, ngano hii inatufunza hivi: heshima ya mgeni ni kubwa, lakini uhai wa waliomo ndani ni mkubwa zaidi. Anayekuonya mapema ndiye anayekupenda, hata awe mdogo wa kukaa kiganjani. Na chombo kinachoweza kukupeperushia nyumba, kikunje upepo ukiwa bado unabisha hodi.

Hadithi yangu nimeifikisha hapo, nimeushusha mzigo. Aliyeipenda aende nayo kwake, na aliyelala katikati asiniulize kesho Ngiri alikaa wapi.