Pampu ya Mnjama

Aliaye huulizwa, hanyamazishwi. Mmeyasikia maneno haya leo kwa fundi wa pikipiki, alipomgombeza yule kijana aliyefunga matambara kwenye ekzosi ili bomba la moshi lisipige kelele, mkadhani ni maneno ya mababu. Si ya mababu. Yalitoka kinywani mwa mtu nikiwapo, pale Voi, na yalitoka kwa sababu hii.

Gari lilikuwa limeshawashwa. Mizigo ya Mama Wakesho ilikuwa ndani, blanketi, chupa ya chai na bahasha ya picha za hospitali za koo lake, na dereva, Kilonzo, alikuwa ameshaligeuza gari kuelekea barabara ya Nairobi. Kitanda cha hospitali kilimngoja mwisho jioni ile. Akichelewa, kingepewa mgonjwa mwingine. Kesho yake madaktari wangempasua koo na kuiondoa sauti pamoja na ugonjwa. Hawakumficha. Huenda akapona, lakini hatasema tena.

Sasa, mumewe, Mzee Mwadime, alikuwa kipofu tangu kabla hawajaoana. Hakuwahi kumwona mkewe hata siku moja. Alimjua kwa sauti. Ndiyo maana gari lilisimama kwanza kwa Mnjama, aliyekuwa na studio ya kurekodi kwaya nyuma ya duka la mbegu. Mama Wakesho alitaka kumwachia mumewe sauti yake: wimbo mmoja, na maneno ya nyumbani, yale ya kumwamsha na kumwita mezani. Daktari alikuwa amemkanya asiseme sana, kwa hiyo tangu juzi alikuwa akiweka akiba. Watu aliwajibu kwa kichwa. Mumewe alimjibu kwa kumgusa bega.

Mimi nilikuwa pale nikibandika vipande vya godoro ukutani ili chumba kisivume. Ndiyo kazi niliyokuwa nimeiokota mwezi ule.

Kompyuta ya Mnjama ilikuwa ikipozwa kwa maji. Voi ina joto la kukausha mate, na mashine zinazofanya kazi nzito huko huungua upesi. Basi ndani yake kulikuwa na kitangi kidogo, mabomba laini, na pampu ya ukubwa wa ngumi ya mtoto iliyoyazungusha maji yakabeba joto. Aliisifu kwa kila mteja kwamba haisikiki. Siku ile ilikuwa inakoroma.

"Mnjama," Mzee Mwadime akasema, "mashine yako inakoroma kunishinda mimi."

Mama Wakesho akavunja akiba yake kwa maneno mawili. "Hakuna anayekushinda."

Tukacheka. Halafu Mnjama akavaa vipokea sauti masikioni, akasikiliza, na uso ukambadilika. Mkoromo wote ulikuwa unaingia kwenye kipaza sauti.

Msidhani alikuwa hajui kazi. Alifungua ubavu wa mashine, akaibonyeza pampu kwa kidole kuona kama inagongana na bati. Sauti haikubadilika. Basi si skrubu, akasema. Ama hewa imeingia kwenye mabomba, ama maji yamepungua na pampu inakunywa upepo. Dawa yake aliijua vilevile: uzime mashine, ufungue kitangi, uongeze maji, kisha uiinamishe huku na huku mpaka mapovu yapande juu yatoke. Si kazi ngumu, ila inataka nusu saa na zaidi. Nje, Kilonzo akapiga honi.

Mzee Mwadime alikuwa ametega sikio. "Inalia nini?"

"Ni pampu tu, Mzee."

"Kwamba ni pampu nimesikia. Nauliza inalia nini."

"Nitaiangalia mkishaondoka. Sasa hivi nataka inyamaze tu."

Akaingia kwenye kompyuta, akaipunguzia pampu mwendo, akapunguza tena, mpaka mkoromo ukafa. Mlio mdogo uliobaki akaufunika kwa kipande cha godoro. Chumba kikawa kimya. Akampa Mama Wakesho ishara.

Aliimba wimbo wa kupalilia mahindi. Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini haikukatika. Alipomaliza akavuta pumzi, akasema, "Baba Wakesho, amka, kumekucha."

"Nimeamka," mzee akajibu palepale alipoketi.

Mnjama akatabasamu, akamwacha mama aendelee. Akaendelea. Akamwambia uji uko tayari. Akamwambia fimbo yake iko nyuma ya mlango. Akamwambia mengine ambayo mimi niligeukia ukuta ili nisiyasikie, na alikuwa bado anasema kioo cha kompyuta kilipogeuka cheusi.

Pampu ilikuwa imesimama. Maji yaliyosimama yakapata moto, bomba moja likalegea likachomoka, na yote yakamwagikia ndani, juu ya kisanduku kinachotunza kila kinachorekodiwa. Harufu ikajaa chumba.

Mnjama akatoa simu mfukoni ili arekodi nayo, akamwomba mama arudie, hata maneno mawili. Mama akafungua mdomo. Ilitoka hewa. Akanywa chai, akajaribu tena. Hewa tena. Akiba ilikuwa imekwisha.

"Mmepata?" Mzee Mwadime akauliza.

"Hatukupata, Mzee," Mnjama akasema. "Ilikuwa inaishiwa maji. Nilipoipunguza, ikasimama."

Mzee hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo haikumhusu Mnjama.

"Mwaka mzima koo la mke wangu limekuwa likikwaruza," akasema. "Kwaya wakamrudisha mstari wa nyuma. Mimi nikamletea asali na tangawizi, likatulia, nikashukuru Mungu. Hakuna aliyeliuliza." Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mkewe. "Aliaye huulizwa, Mnjama. Hanyamazishwi."

Kilonzo hakupiga honi tena. Aliingia mwenyewe, akawashika mkono wote wawili, akawapeleka garini.

Mama Wakesho alipasuliwa, akaishi miaka mitano bila sauti. Asubuhi alimwamsha mumewe kwa kumgonga kifuani. Mzee Mwadime alitangulia kufa. Wanasema miaka ile ya mwisho aliongea kidogo sana, kwa kuwa hakukuwa na wa kumjibu. Mnjama alikipeleka kile kisanduku kwa mafundi wa Mombasa, kikarudishwa kama kilivyokwenda, bila sauti. Akafunga studio, akahamia Taveta kuuza vitunguu. Kilonzo bado ni dereva, na ndiye aliyeyasambaza maneno ya mzee, gereji kwa gereji, barabara nzima. Mimi niliondoka Voi kabla ukuta haujakwisha. Nilipofika Emali nikamkuta mwanamke akimwambia jirani yake kuhusu mtoto asiyelala, kwa maneno yaleyale, kana kwamba yamekuwapo siku zote: aliaye huulizwa, hanyamazishwi.