Jina Lililokosekana Kivukoni

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma, mnaitikia au mnatafuna mahindi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale, viboko walipokuwa bado wanaitikia salamu, palikuwa na mto Mkumbi, mpana, wenye mahali pamoja tu pa kuvukia. Aliyepamiliki aliitwa Mwinyi Kivuko. Cheo hicho hakikupiganiwa na mtu. Kilianza kwa Vuai, aliyemtoa topeni mtoto wa Kiboko kwa mikono yake miwili. Kiboko, bibi wa mto ule, akamwambia, "Wewe na uzao wako mtavuka, na watu wenu watavuka. Lakini kila atakayerithi aje majini anitajie waliomtangulia, mmoja mmoja, mpaka anifikishe kwako."

Vizazi vikapita. Mwinyi Faki akafariki, akaacha mtoto mmoja tu, binti, jina lake Somoe. Na mtama wa kijiji, uliolimwa ng'ambo, umeiva! Ndege wanashuka makundi kwa makundi, maghala ya kijiji hayana hata punje, na hakuna anayeruhusiwa kuvuka mpaka mrithi atambuliwe. Akikosea mara tatu, kivuko kinafungwa milele, na yeye mwenyewe hatoki majini.

Somoe hakuwa na wasiwasi sana. Majina yale alifundishwa na shangazi yake, Mwatime, tangu hajaota meno ya pili. Asubuhi hiyo kijiji kizima kikajipanga ukingoni, naye akaingia mtoni, maji yakamfika magotini.

Kiboko akaibuka. Jamani! Aliibuka, akaibuka, akaibuka, mpaka Somoe akadhani ni kilima kinachotoka chini ya maji. Mgongoni ameota majani, na juu ya majani korongo wamesimama kimya. Binti wa watu akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi Somoe wa Faki, Faki wa Chande, Chande wa Kombo, Kombo wa Ngwali, Ngwali wa Makame, Makame wa Vuai."

Kiboko akafumba macho, akafumbua. "Mmoja hayupo."

Maji yakapanda mpaka kiunoni. Ukingoni watu wakaguna. Somoe akarudia, taratibu, kama mtu anayepita na chungu kichwani. Faki, Chande, Kombo, Ngwali, Makame, Vuai.

"Mmoja hayupo."

Maji yakamfika shingoni. Somoe akaogopa, akaogopa kweli, na wala simcheki, maana wewe na mimi tungeshapiga mayowe. Akageuza uso ukingoni.

"Shangazi! Umenificha nani?"

Mwatime alikuwa analia, upindo wa nguo kinywani. "Baba yako alinikataza, mwanangu! Alisema wewe urithi cheo kisafi."

"Nani, Shangazi? Maji haya hayanisubiri!"

"Mzuzuri! Baba yake Kombo. Mwaka wa njaa kuu watu wa ng'ambo walikuja pale wakaomba kuvuka. Akawazuia kwa mikuki, eti chakula hakitatosha. Walimwita siku ya kwanza, wakamwita siku ya pili, wakamwita siku ya tatu. Siku ya nne hawakuita tena."

Wazee wakainamisha vichwa. Lakini upande wa chini wa ukingo walikuwapo watu ambao hawakuinamisha. Hao ni kizazi cha wale wachache walionusurika, waliokuja kuhamia kijijini baada ya Mzuzuri kufa. Mbele yao alisimama Bi Mwaka, ajuza mwembamba, anamtazama Somoe bila kupepesa.

"Mnong'oneze Kiboko!" Mwatime akasema. "Baba yako alimnong'oneza, na ikatosha!"

Somoe akalitazama lile sikio kubwa, limemsogelea karibu kabisa na mdomo. Ingekuwa rahisi. Angevuka, angeheshimiwa, na wale wa upande wa chini wangemfuata tu kwa sababu wana njaa. Akaona haya kwa kuwaza hivyo. Akainua kidevu juu ya maji, akapaza sauti mpaka korongo wakaruka.

"Mimi Somoe wa Faki! Faki wa Chande! Chande wa Kombo! Kombo wa Mzuzuri, aliyefunga kivuko hiki watu wakafa wakimwita! Ni babu yangu, simkani. Mzuzuri wa Ngwali, Ngwali wa Makame, Makame wa Vuai!"

Kiboko akafumba macho, akafumbua.

"Wametimia," Kiboko akasema, na sauti yake ikatikisa mchanga chini ya nyayo za watu. "Sauti za watu wale nilizisikia mimi siku zote tatu. Tangu siku hiyo nimesubiri mtu wa nyumba yenu awataje kwa sauti."

Akazama. Na mto, wallahi, mto ule mpana ukashuka: mabegani, kiunoni, magotini, mpaka samaki wakawa wanapapatika kwenye vifundo vya miguu ya Somoe. Njia nyeupe ya mchanga ikalala wazi toka ukingo huu hadi ule. Watu wakabaki midomo wazi. Hakuna aliyewahi kuona sakafu ya Mkumbi.

Lakini hakuna aliyekanyaga. Wote waligeuka kumtazama Bi Mwaka. Somoe naye akamtazama, akimwogopa kuliko alivyomwogopa Kiboko, maana Mwinyi asiyefuatwa na mtu si Mwinyi.

Bi Mwaka akakunja nguo yake. Akashuka ukingoni, hatua kwa hatua, akaja mpaka aliposimama yule binti.

"Bibi yangu alifia pale," akasema, akionyesha ng'ambo kwa kidole. "Nilikuwa sijasikia mtu wa kwenu akilisema." Akamshika mkono. "Tangulia, Mwinyi. Tunakufuata."

Mimi nilipowaona wamefika kwenye mtama nikarudi zangu kuwasimulia, na hadithi yangu nimeiachia huko huko ng'ambo.