Uongo Mmoja wa Tarehe Tisa Machi

Jumatano, tarehe 9 Machi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, chembe moja ilipita ndani ya Kilima cha Ngwenda. Ilikuwa zamani, ila si zamani sana: watu walikuwa tayari wana barua pepe, na tayari walikuwa hawazijibu.

Ndani ya kilima palikuwa na mgodi uliokwisha madini. Ndani ya mgodi palikuwa na tangi la maji. Ndani ya tangi palikuwa na macho ya kioo mia tatu na kumi na mawili, na kazi ya macho hayo ilikuwa kungoja. Chembe ikipita majini huacha mwanga kidogo. Macho yanauona, kompyuta inaandika. Aliyelijenga tangi ni Dokta Mwanaidi Shekimweri, mwanafizikia. Alikuwa akitafuta chembe ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Aliitafuta miaka kumi na tisa, minne ya mwisho akiwa humo kilimani.

Watu wa kazi hiyo wana desturi. Wanasema anayetamani sana kuona kitu atakiona hata kama hakipo. Kwa hiyo kumbukumbu za kompyuta hufungwa, na hairuhusiwi kuzichungulia mpaka siku ya kufungua. Mwaka wa kwanza hakuna aliyechungulia. Mwaka wa pili hakuna aliyechungulia. Mwaka wa tatu panya alitafuna waya, naye pia hakuchungulia.

Wana desturi ya pili. Huajiri mtu wa kuwadanganya. Mtu huyo huingiza chembe ya uongo kwa siri, ili watafiti wapimwe. Huandika siku na saa, hutia karatasi kwenye bahasha, na bahasha husomwa mwisho. Kazi hiyo alikuwa nayo Bwana Theonest Kaijage. Kitambulisho chake kiliandikwa: Afisa wa Uongo. Alikuwa mtu mkweli. Ndiyo sababu alipewa kazi.

Tarehe 14 Novemba kumbukumbu zilifunguliwa. Katika miaka minne ilionekana chembe moja: Machi 9, saa 4:12 asubuhi. Dokta alikaa chini. Hapakuwa na kiti.

Kaijage akafungua bahasha, akasoma: "Tarehe tisa Machi, kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Uongo mmoja."

"Mmoja tu?" Dokta akauliza kutoka sakafuni.

"Mmoja tu, Dokta. Nilitaka uwe mzuri."

Dokta alichukua kalamu. Kwenye ripoti aliandika: Hakuna kilichopatikana. Akasaini. Kwa saini hiyo kilima kingefungwa Desemba, na yeye angerudi nyumbani.

Ndipo akasema Hizza Kaniki, fundi umeme.

"Dokta, samahani. Tarehe tisa Machi si ndiyo siku waliyokuja wageni kutoka mjini?"

"Ndiyo."

"Basi siku ile nilichemsha chai."

"Hizza, huu si wakati wa chai."

"Sikiliza, mama. Chumba cha kompyuta kina soketi mbili. Moja ni ya tangi, haiguswi. Ya pili ilikuwa na kisanduku cha kijivu. Nikauliza cha nani, hakuna anayejua. Nikakichomoa, nikachomeka birika. Saa nne kasoro mpaka saa tano na kitu."

"Saa nzima kwa birika moja?"

"Dokta, lile birika unalijua."

Kaijage alisimama. "Kisanduku ni changu," alisema. "Ndicho kinachotuma uongo, saa niliyokipangia ikifika. Hakina jina kwa sababu ni siri."

Alikifungua mbele yao. Chembe ya uongo ilikuwa bado imo ndani, haijatumwa. Kwa hiyo iliyopita majini ilikuwa ya kweli.

Ripoti mpya ikapelekwa. Tarehe 22 Novemba kamati ya dunia inayosimamia mambo ya chembe ilileta fomu. Ilikuwa na mstari mmoja: Jina la mgunduzi. Maelezo yalisema liandikwe jina moja. Yakiandikwa mawili, fomu itarudishwa. Atakayeandikwa atapewa kilima akiendeshe miaka ishirini.

Dokta alisema: "Nimelijenga tangi mimi. Bila tangi, chembe ingepita kama zinavyopita zote, na nyinyi mngekuwa makwenu mnakula."

"Uliipata, ukasaini kwamba haipo," alisema Hizza. "Saini yako hii hapa. Mimi ndiye niliyeutoa uongo njiani. Bila birika langu, mngeona chembe mbili, msijue ipi ni ipi."

"Uliutoa bila kujua," alisema Kaijage. "Na daftari la zamu halina habari ya birika. Umevunja kanuni, ukakaa kimya miezi minane."

"Ningeandika nini, mzee? Nimezima kitu kisicho na mwenyewe?"

"Mimi je?" alisema Kaijage. "Ningeweza kunyamaza. Kisanduku kina ufunguo mmoja, ninao mimi. Nilikifungua nikijua kwamba afisa ambaye uongo wake haukufika hana kazi tena. Barua ya kuachishwa nimeipata jana."

"Lakini mzee wangu," alisema Hizza, "mtu anaajiriwa kudanganya mara moja katika miaka minne, na hiyo moja inamshinda!"

Dokta alicheka. Kaijage hakucheka.

Walibishana siku saba. Dokta alisema akipewa kilima atangoja chembe ya pili. Hizza alisema akipewa ataweka soketi ya tatu. Kaijage alisema akipewa atakibandika kile kisanduku jina lake, siri au si siri.

Fomu ilitakiwa iondoke tarehe 30 Novemba. Siku hiyo, saa tisa alasiri, watu hao watatu waliingia posta pamoja, wakaijaza fomu hapo hapo kaunta. Karani alipokea bahasha ikiwa wazi, akaitazama fomu, akaifunga, akaigonga muhuri. Alipoulizwa baadaye, alithibitisha kwamba mstari ulikuwa na jina moja, na kwamba wote watatu walikuwapo lilipoandikwa. Jina lenyewe alikataa kulitaja.

Haya, nyinyi mliosikiliza: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngemwandika nani?