Likizo Moja na Mtoto wa Kilo Saba na Nusu

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kompyuta zikiwa zimeshapanda hadi zahanati za milimani, palikuwa na ofisi ya watu wanne waliochoka. Ofisi ilikuwa Tukuyu, mji ambao mvua yake haijui kukatika, na kazi yao ilikuwa kuunda programu iitwayo Kipimo. Muuguzi anaandika uzito wa mtoto, Kipimo kinamwambia ampe dawa kiasi gani. Basi. Ukiisikia hivyo ni kazi ndogo, na ndivyo alivyodhani Subilaga, mkuu wa ofisi ile, siku alipoipokea.

Kumbe kompyuta hazikuwa za aina moja. Hospitali ya wilaya ilitumia mfumo wa Windows. Zahanati zilikuwa na kompyuta kuukuu za msaada kutoka Ulaya, zenye mfumo wa Linux. Na mganga mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mtia sahihi wa kila toleo, alikuwa na Mac, peke yake wilaya nzima, na hakutaka kusikia habari ya kuiacha. Kwa hiyo kila toleo liliundwa mara tatu, vifurushi vitatu, na ndani ya kila kifurushi kitabu cha maelekezo, kinachoundwa na kompyuta hiyo hiyo. Hiyo ilikuwa sheria ya Subilaga mwenyewe: programu haitoki bila kitabu chake, na kitabu kikigoma kuundwa, kifurushi hakifungwi. Sheria nzuri. Iliwatoa roho.

Kitabu kikikubali Windows, kinagoma Linux. Kikikubali Linux, kinagoma Mac. Wakikirekebisha kwenye Mac, wanarudi Windows na kukuta kimegoma tena. Mwaka mzima hakuna aliyeonja likizo. Ndipo mganga mkuu akapiga simu: nileteeni toleo la mwisho Ijumaa, kisha mmoja wenu, mmoja tu, akapumzike mwezi mzima, wengine wabaki kupokea simu za zahanati. Subilaga alipokata simu alitamani kulia. Mwezi ule aliutaka uwe wake, na msimlaumu, hamkuyaona macho yake.

Sasa wasikilizeni wenzake. Tumpe alikuwa mwandishi wa kitabu. Alichoka kupigiwa simu na wauguzi kwamba mfano wa kitabuni na jibu la kompyuta havipatani. Akaandika mifano kwa namna ambayo kitabu kikiundwa, programu yenyewe inaifanya hesabu ya kila mfano, na jibu lisipolingana na lililoandikwa, kitabu kinagoma. Wenzake walinung'unika, maana migomo iliongezeka.

Hashimu alikuwa mpeleka programu, yeye na pikipiki yake. Wiki ile alipanda hadi zahanati ya mbali, ambako kompyuta ilikuwa inasumbua kuwaka. Alichoka na ile barabara ya matope. Badala ya kuhangaika na kompyuta kule na kurudi tena, akaichomoa, akaifunga kwa turubai, akashuka nayo mgongoni hadi ofisini. Na kwa kuwa kompyuta ya Linux ya ofisini ilikuwa imeungua, hiyo hiyo ya zahanati ikawekwa mezani kwa Lwitiko.

Lwitiko ndiye aliyeunda vifurushi. Alhamisi mchana cha Windows kikafungwa. Cha Mac kikafungwa. Kwenye kompyuta ya zahanati, kitabu kikagoma, kwenye mfano wa mtoto wa kilo saba na nusu. Wakaanza upya, kikagoma. Wakaanza upya tena, kikagoma pale pale. Subilaga akavua miwani, akajifuta uso kwa kanga.

"Kitoe kitabu, Lwitiko," akasema. "Funga kifurushi hivyo hivyo, twende tukalale."

"Sawa, Mama."

Asubuhi ya Ijumaa Lwitiko akamwita aje aone. Kompyuta ile ilikuwa bado imepangwa kwa desturi ya huko Ulaya ilikotoka, ambako kilo na nusu yake hutenganishwa kwa mkato, si kwa nukta kama kwetu. Matoleo ya nyuma yalipokea kilo kamili tu. Hili ndilo la kwanza kupokea nusu, na hakuna aliyelikumbuka jambo hilo la mkato. Muuguzi akiandika 7.5, Kipimo kinairuka nukta na kusoma 75. Mtoto wa kunyonya anapimiwa dawa ya mtu mzima. Na zahanati zote za milimani zilikuwa na kompyuta za namna ile.

Subilaga akatafuta kiti. Aliogopa, aliogopa sana, na alijua ni mdomo wake ndio uliosema kitabu kitolewe.

Wakarekebisha. Vifurushi vitatu vikafungwa na vitabu vyake, mganga mkuu akatia sahihi. Ikabaki likizo.

Tumpe akasema, "Mfano ule ni wangu. Mlininunia kwa ajili yake. Bila mimi programu ingepita kimya kimya na hakuna ambaye angejua."

Hashimu akasema, "Mfano wako ungefanyiwa hesabu kwenye kompyuta ipi, dada? Kwenye zetu ulipita. Mimi ndiye niliyeileta yenye ugonjwa, mgongoni kwangu, kwenye matope, na mgongo bado unauma."

Subilaga akamsemea Lwitiko. Akawaambia kwamba yeye, mkuu wao, aliagiza kitabu kitolewe, na kijana huyu peke yake alikataa, akasoma sababu ya mgomo hadi mwisho.

"Sikukataa, Mama," Lwitiko akasema. "Nilichoka. Kukitoa kitabu kulitaka nibadili mpangilio wote na kuanza upya. Nikaona hata hilo siliwezi, nikalala pale mezani. Nilipoamka maneno yalikuwa bado kwenye kioo, ndipo nikayasoma." Akatazama chini. "Na sheria ya kitabu ni yako. Ukiitaka likizo, ichukue, hakuna wa kukusema."

Tumpe hakubisha. Hashimu naye hakubisha, ila alikaa chini polepole, mkono kiunoni. Subilaga akawatazama mmoja mmoja, wote macho mekundu, na akaona haya kwamba bado aliutaka ule mwezi. Simu ikaanza kuita: mganga mkuu, anataka jina.

Akaipokea. Haya, nyinyi mlioketi hapo, mliolala vizuri jana, msaidieni. Yuko aliyeuandika mfano, yuko aliyeibeba kompyuta, yuko aliyechoka hata kutii, na yuko aliyeweka sheria kisha akaagiza ivunjwe. Je, nani alistahili kwenda kulala?