Mvua Haina Chumvi

Hapo zamani za ujana wangu nilimdhulumu mtu, nami naungama kabla sijasimulia, maana si vizuri nimcheke sultani mzima huku mimi mwenyewe nimejificha. Fundi mmoja alinishonea koti la mvua. Nikalivaa, nikapanda nalo mlima, nikafika nimelowa mgongo wote. Ijumaa ile, mlangoni mwa msikiti, watu wakisikia, nikamwita mwongo. Aliinama, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Miaka ikapita ndipo nikasikia kisa cha Sultani Badrani, nikajua kwamba nilimsingizia. Nilipomwendea kumtaka radhi, nikakuta amekwisha kuzikwa. Mungu anisamehe. Kisa chenyewe ni hiki.

Hapo zamani zaidi, katika mji wa Ukunguni, mji wa mlimani ambako mvua hainyeshi bali inakaa, alitawala Sultani Badrani, mtu mnene mwenye kupenda kutazamwa. Ilikuwa desturi kwamba siku ya Idi sultani hupanda kwa miguu yake hadi msikiti wa kileleni, bila farasi wala mwavuli. Na kila Idi alifika amelowa, kilemba kimemwangukia masikioni kama chapati iliyomwagiwa chai.

Basi akamwita Fundi Shekue, mshonaji wa mji, akamwambia, "Nataka joho. Tone la mvua lisiingie, nami nifike kileleni mkavu kama unga wa ghalani. Likivuja, nitaukata mkono wako wa kulia."

Fundi akainama. "Maulana, nguo izuiayo maji kuingia huyazuia na kutoka. Niruhusu niache matundu makwapani, mwili upate kupumua."

"Matundu! Mimi nivae chujio la tui?"

"Basi angalau usivae nguo nzito ndani yake, maulana."

"Fundi, nimekuita unishonee au unilee?"

Ikawa fundi akashona joho la turubai, akalipaka nta ya nyuki mara tatu, hata ukilimwagia maji yanateleza kama juu ya jani la mgimbi. Siku ya Idi sultani akavaa kanzu tatu, na bushuti la sufi, na juu yake joho; akaanza kupanda, na mvua inamiminika. Alifika kileleni uso umemwiva kama nyanya, anahema kama mvukuto wa mhunzi. Akavua joho na bushuti barazani pa msikiti, na tazama, kanzu zote tatu zimemganda mwilini, maji yanachuruzika.

"Limevuja!" akanguruma. "Mkamateni fundi!"

Askari wakamtoa fundi katikati ya waliokuja kuswali, wakauweka mkono wake juu ya gogo la kuni, na panga likainuliwa. Hapo kikasikika kicheko. Alikuwa Shemboza, mwezekaji wa mapaa, fukara asiye na kanzu ya Idi, ambaye watu walimwita punguani. Alikuwa amejibanza mlangoni mwa banda la jikoni, akingojea ukoko wa pilau.

"Nani anayecheka?"

"Ni mimi, maulana. Naomba maji hayo yaonjwe kwanza. Mvua ya Mungu haina chumvi. Yasipokuwa na chumvi, joho limevuja, na mkono wangu ukatwe pamoja na wa fundi. Yakiwa na chumvi, basi hayakutoka mbinguni."

Sultani akamwashiria Waziri Nasibu, mtu ambaye hajapata kusema 'hapana' tangu apewe uwaziri. Waziri akatia ulimi ndani ya joho, macho yakamtoka, akameza kwa shida. "Hata chembe ya chumvi hamna, maulana. Tamu kama sharubati."

"Alhamdulillahi!" akasema Shemboza. "Jamani, leteni vikombe. Sultani wetu anatoa sharubati."

Watu wakajiuma midomo. Sultani akamgeukia kadhi, mzee wa maneno machache. Kadhi akalamba, akatema kando. "Maulana, leo ni Idi, nami nimesimama mlangoni mwa nyumba ya Mungu. Ni chumvi. Ningekuwa na samaki ningemkausha nayo."

Panga likashushwa. Sultani akatahayari, na mkubwa akitahayari hutafuta wa kumtwisha. "Haya, fundi amepona. Lakini wewe punguani, nipe hapa hapa, kabla sijashuka, vazi lisiloingiza mvua na litoalo jasho. Usipoweza, gogo bado lipo."

Shemboza akanyoosha kidole penye banda. "Maulana, tazama paa lile. Mvua inalipiga, na mpishi ndani mkavu. Moshi nao watoka. Hakuna aliyelitoboa, ni jani juu ya jani, la juu likifunika la chini, maji yateleza na pumzi yapita. Vua kanzu hizo tatu, kadhi akuazime moja kavu, nami nitakuezeka."

Basi akachukua majani makavu ya mgomba yaliyowekwa ya kuwashia moto, akaanza magotini, safu juu ya safu, akapanda hadi shingoni, kisha akamvika kofia ya nyasi yenye ncha.

"Nafananaje?" akauliza sultani.

"Na banda la kuku, maulana. Ila banda kavu."

Sultani akashuka katika mvua ile ile. Mbuzi wawili wakamfuata wakimtafuna nyuma, na askari hawakuthubutu kuwachapa, wasije wakakosea wakamchapa sultani. Alipofika kasrini akapapasa kanzu ya kadhi: kavu nje, kavu ndani. Akacheka mpaka majani yakapukutika.

"Shemboza, omba utakalo."

"Naomba mawili, maulana. Umtake fundi radhi pale pale mlangoni mwa msikiti, watu wakisikia. Na lile joho la nta mpe Waziri Nasibu, alivae kila siku ya mvua, maana yeye peke yake ndiye aliyepata sharubati humo."

Ikawa hivyo. Na Ukunguni, kama nilivyosema, mvua hainyeshi, inakaa.

Mimi sikulamba. Basi nakuomba wewe unayenisikiliza: siku koti lako likilowa ndani, lilambe kwanza, kabla hujamwita fundi mwongo.